Mheshimiwa na Lango la Mbuzi

WAMBETI: Haloo? Ni nani?

GICHOVI: Haloo, Wambeti! Ni mimi.

WAMBETI: Mimi nani? Hii namba siijui. Kama ni ile maneno ya nimeshinda gari, mpe jirani.

GICHOVI: Ni Gichovi, dada. Simu yangu imeisha chaji, hii nimeazima kwa dereva wa trakta.

WAMBETI: Gichovi! Ndugu yangu wa tumbo moja! Ngoja nisimamishe cherehani, hii ni habari ya kusikia mtu akiwa amekaa vizuri. [Cherehani inanyamaza.] Ehe. U mzima?

GICHOVI: Mzima kabisa. Sikiza, niko na haraka kidogo, kredo ya simu ya huyu jamaa—

WAMBETI: Salamu kwanza. Umeshindaje? Umekula? Timau bado kuna baridi?

GICHOVI: Baridi ya kugonganisha meno. Nimesimama juu ya trela katikati ya ngano ndio network ishike. Huko je?

WAMBETI: Huku mtaani Dallas, Embu, jua linachoma hadi mabati yanalia. Haya, sasa uliza ile ingine.

GICHOVI: Ile gani?

WAMBETI: Mtu akiachia mtu mtoto, kuna kitu huuliza.

GICHOVI: Nafika hapo. Wacha nimalize ya kazi kwanza.

WAMBETI: Haya. Ya kazi.

GICHOVI: Kesho uwanja wangu unafunguliwa. Ule wa watoto, hapo mbele ya duka lako.

WAMBETI: Tena?

GICHOVI: Tena aje?

WAMBETI: Si ulifunguliwa mwezi jana mara mbili? Tulikaa kwa hema, tukaomba, tukapiga makofi, tukakunywa soda moto. Mheshimiwa hakutokea. Na bembea ziko na minyororo mpaka saa hii. Mgeni akipita anaweza dhani bembea za Embu zina kesi.

GICHOVI: Haiwezi kufunguliwa kabla mheshimiwa akate utepe. Hiyo unajua. Lakini kesho anakuja, amethibitisha. Saa nne kamili.

WAMBETI: Saa nne yake huwa saa nane. Endelea.

GICHOVI: Nina mambo mawili. La kwanza, nitafutie watoto ishirini. Wasafi, wawe na viatu, na wawe wanaojua kucheka. Ni wa picha.

WAMBETI: [Anacheka.] Ngoja. Ngoja kidogo nishike meza. Umechora uwanja wa watoto, umejenga uwanja wa watoto, na sasa unatafuta watoto wa kuazima?

GICHOVI: Dada, si hivyo—

WAMBETI: Wanaojua kucheka! Sasa niwafanyie mtihani? Niweke tangazo hapa kwa duka: anatakiwa mtoto mwenye uzoefu wa miaka miwili ya kucheka?

GICHOVI: Cheka tu. Ukimaliza nitaendelea.

WAMBETI: Nimemaliza. Hapana, bado. [Anacheka.] Haya, nimemaliza.

GICHOVI: La pili ndilo kubwa. Namtafuta Ngari, yule fundi wa kuchomelea. Nimemtumia ujumbe asubuhi na hajibu. Nataka uende umtafute pale kwa karakana, umwambie aje leo, kabla giza, akate lango.

WAMBETI: Akate lango lipi?

GICHOVI: La uwanja. Aling'oe lote. Abakishe uwazi tu, tutaweka maua kando.

WAMBETI: Na limekukosea nini?

GICHOVI: Nilitumiwa picha jana usiku. Kumbe... Wambeti, hebu niambie ukweli. Hilo lango linafanana na nini?

WAMBETI: Unataka niseme?

GICHOVI: Sema.

WAMBETI: Linafanana na krashi ya mbuzi.

GICHOVI: [Kimya.]

WAMBETI: Gichovi? Umeanguka kutoka kwa trela?

GICHOVI: Niko. Endelea.

WAMBETI: Ni krashi ya mbuzi, ndugu yangu. Ile njia nyembamba tunapitishia mbuzi wa kuchanjwa. Mabomba huku, mabomba kule, urefu hatua sita, na mti wa kufunga nyuma ndio mbuzi asirudi, na mti wa kufunga mbele ndio asiruke daktari. Hata ameweka ile kona ya daktari ya kusimama na sindano. Kazi safi. Kule kwetu Kiritiri wangeipiga picha waweke kwa kalenda.

GICHOVI: Mimi sikuchora krashi!

WAMBETI: Ulichora nini?

GICHOVI: Nilichora lango jembamba la kisasa. La kuingia mtoto mmoja mmoja, ndio bodaboda wasigeuze mahali stendi na ng'ombe wasiingie. Hiyo ndio nilimwambia Ngari. Kiingilio chembamba, kirefu kidogo, kinachopitisha mmoja mmoja bila kugeuka.

WAMBETI: Kwa mdomo wako ulisema hivyo?

GICHOVI: Kwa mdomo wangu.

WAMBETI: Basi usimlaumu mtu. Ngari ametengeneza krashi za Mbeere yote, kutoka Kiritiri hadi kule chini kwa mto. Mtu wa hivyo ukimwambia akujengee kitu cha kupitisha viumbe mmoja mmoja bila kugeuka, unataka afikirie nini? Kanisa?

GICHOVI: Si kuna mchoro! Nilimtumia mchoro kwa simu!

WAMBETI: Simu ya Ngari ni ile ya tochi. Hata picha ya mkewe haiwezi kuonyesha.

GICHOVI: [Anapumua kwa nguvu.] Angeniuliza basi.

WAMBETI: Na wewe ungekuja uone. Tangu hiyo kazi ianze umekanyaga hapa mara ngapi?

GICHOVI: Nilikuwa naongea na Ngari kwa simu kila wiki.

WAMBETI: Kila wiki! Kumbe. Ngari ana bahati.

GICHOVI: Dada, usianze.

WAMBETI: Sijaanza. Nimesema tu Ngari ana bahati.

GICHOVI: Upana ni ngapi? Kwa picha sikuelewa. Usiniambie ni ile niliyomwambia.

WAMBETI: Arobaini na tano. Nilipima mwenyewe kwa futi yangu ya kushonea. Sentimita arobaini na tano, chini na juu, haina hata nukta ya kuzidi. Ngari ni mtu wa haki.

GICHOVI: Na mheshimiwa...

WAMBETI: Mheshimiwa nilimshonea shati la kitenge la kampeni. Kiuno inchi hamsini na nne, na hiyo ni kabla ashinde. Sasa amekaa kwa kiti miaka mitatu. Kwa mbele hapiti, kwa upande hapiti. Labda mumpitishe juu ya ukuta, vile walipitisha viti.

GICHOVI: Viti vimepitishwa juu ya ukuta?

WAMBETI: Viti mia mbili, kimoja kimoja, vijana wawili juu wawili chini. Na hema. Na spika. Na kile kiti cha mheshimiwa chenye kitambaa, kile ndicho kiliwasumbua, kina makalio kama yeye.

GICHOVI: Nimekwisha. Wambeti, nimekwisha! Unaona kwa nini nataka likatwe? Kutakuwa na kamera. Akikwama hapo katikati, na ule mti wa nyuma ufungwe—

WAMBETI: Haki ya nani hiyo nitafunga duka niende nione.

GICHOVI: Usicheke! Huyu mtu amesema kesho ikienda vizuri ananipa viwanja vitatu vingine. Runyenjes, Siakago, na kingine Meru mjini. Hata huyu mwenye ngano hapa Timau, anayetaka kiwanja cha watoto wa wafanyakazi wake, anangoja kuona ya Embu itakuwaje. Ni kazi ya miaka miwili, dada. Ikiharibika kesho narudi kuchora vyoo vya shule.

WAMBETI: Hapo nakusikia. Hapo sicheki.

GICHOVI: Basi nenda kwa Ngari.

WAMBETI: Sina haja ya kwenda. Yuko hapa.

GICHOVI: Hapo dukani?

WAMBETI: Pale langoni. Alipata ujumbe wako, amekuja na grainda ya kukata chuma na jenereta kwa mkokoteni. Amekaa juu ya jenereta anakula ndizi tangu saa tisa.

GICHOVI: Asante Mungu! Sasa anangoja nini?

WAMBETI: Anangoja watoto watoke.

GICHOVI: Watoto gani?

[Mkwaruzo wa network.]

WAMBETI: ...unanisikia? Nasema wa hapa mtaani. Wako kwa lango tangu shule ifunge. Kama ishirini na tano, thelathini, sijahesabu. Wale ulitaka niazime.

GICHOVI: Wameingiaje? Uwanja umefungwa! Nilimwambia mlinzi, nilimwambia Bundi, funga michezo yote mpaka siku ya kufunguliwa!

WAMBETI: Na amefunga. Bundi ni mtu wa amri. Ana karatasi yako, imeandikwa bembea nne, slaidi mbili, ile ya kuzunguka moja. Zote ziko na kufuli. Lango si mchezo, haliko kwa karatasi, kwa hivyo hakulifunga. Na ndilo hilo wanacheza.

GICHOVI: Wanacheza na lango?

WAMBETI: Wiki ya sita sasa. Wanacheza chanjo. Mmoja anakuwa daktari wa mifugo, anasimama kwa ile kona na kijiti. Wengine ni mbuzi. Wanaingia kwa laini wakilia, anawachanja kwa bega, anaandika kwa daftari, wanatoka mbele wakirukaruka, wanazunguka tena nyuma. Kuna mbuzi wakali, kuna mbuzi wagonjwa, kuna mmoja huzimia kila siku lazima abebwe. Juzi kulikuwa na mbuzi amekataa chanjo kwa sababu za dini.

GICHOVI: [Anacheka kidogo, anajizuia.] Lakini slaidi... nilichora slaidi mbili nzuri.

WAMBETI: Slaidi zinaangalia jua la mchana. Hata bila kufuli, hapo huwezi kuteleza, hapo unachomeka. Nilijaribu kuanika nguo ya mteja, ikakauka na rangi ikabadilika. Na zile viti ulitengenezea wazazi, nani alikuambia mama anakuja uwanjani kuangalia barabara?

GICHOVI: Zinaangalia barabara?

WAMBETI: Zimeupa uwanja mgongo. Mama akitaka kuona mtoto wake lazima akae kama mtu amekasirikia bwana yake. Kwa hivyo wamama wote wako hapa kwa veranda yangu. Na lile bango! "Marufuku kukimbia. Marufuku kelele. Marufuku kukanyaga nyasi. Marufuku kupanda." Nilisoma nikauliza Bundi, sasa hii ni uwanja ama ni kaburi?

GICHOVI: Bango si langu. Hilo waliweka wenye mradi.

WAMBETI: Basi lenye liko sawa hapa ni lile lango tu. Hilo tu, Gichovi. Na ndilo unataka kukata.

GICHOVI: Dada, ni krashi ya mbuzi!

WAMBETI: Na wanaipenda! Hata watu wazima. Jana Mithika, yule wa kuuza misumari na rangi, yule hacheki hata akipata faida, alikuja kuchukua kijana wake jioni. Wakamwambia apite laini. Akapiga magoti na suruali yake ya kazi, akaingia akilia mee, akachanjwa. Leo amerudi. Amechanjwa mara tatu.

GICHOVI: Mithika?

WAMBETI: Mithika. Daktari amemwambia ana minyoo.

GICHOVI: [Anacheka.] Ni nani huyo daktari?

WAMBETI: Unauliza sasa?

GICHOVI: Nauliza tu, ni mtoto wa na—

[Mkwaruzo.]

GICHOVI: Haloo? Wambeti?

WAMBETI: Niko. Ni Kagure.

GICHOVI: Kagure gani?

WAMBETI: Mtaa huu una Kagure wangapi? Kagure wako. Mwenye ulimpa jina la mama yetu vile inatakiwa, ukamleta kwangu na begi moja na godoro, ukasema ni wiki mbili.

GICHOVI: Ndiye daktari?

WAMBETI: Ndiye daktari, na ndiye mwenye amekataa kutoka. Ngari alipowasha jenereta wengine walikimbia. Yeye ameshika mti wa mbele kwa mikono miwili, amesema lango lina mwenyewe, na mwenyewe hajasema. Sasa wengine wamerudi wamejaa humo ndani. Ngari ni mzee wa watu, hawezi kuwasha grainda juu ya kichwa cha mtoto. Ndio maana anakula ndizi.

GICHOVI: Mtoe basi. Mwambie atoke.

WAMBETI: Mimi?

GICHOVI: Wewe ndiye unakaa naye!

WAMBETI: Ehee. Ni ukweli huo. Mimi ndiye nakaa naye. Unamkumbuka mama siku walikuja kubomoa kibanda chake sokoni? Alisimama mlangoni na mwiko, na askari wanne wakarudi na gari yao. Ulimpa mtoto jina, likaja na kichwa yake. Mtoe wewe.

GICHOVI: Niko Timau!

WAMBETI: Najua uko Timau. Mama yake, Karambu, yuko Saudi, anafua nguo za watu hadi usiku, na kila Jumapili ikifika saa nane simu yangu inalia. Wewe uko hapo nyuma ya mlima. Mlima mmoja, Gichovi! Asubuhi kukiwa hakuna mawingu mtoto anauangalia ananiuliza, shangazi, baba yuko upande gani wa hiyo? Tangu Pasaka. Pasaka, na sasa maembe yameanza kuiva. Mimi nimekasirika, na sitaki kukuficha.

GICHOVI: [Upepo.] Nilikuwa nataka kumalizana na hii kazi kwanza. Nije na kitu cha kuonyesha.

WAMBETI: Kitu cha kuonyesha kiko hapa, anakizuia na mwili wake. Unajua kwa nini anapenda hilo lango?

GICHOVI: Kwa nini?

WAMBETI: Kwa sababu nilimwambia ni wewe ulichora.

GICHOVI: Lakini si mimi—

WAMBETI: Najua si wewe! Wewe ulichora slaidi ya kukaanga watoto! Lakini ningemwambia nini? Kila jioni anauliza baba anafanya kazi gani, nikamwonyesha kitu chenye watu wanakipenda. Nani angemwonyesha bembea yenye kufuli?

[Sauti ya injini kwa mbali. Kelele za watoto.]

GICHOVI: Hiyo ni nini?

WAMBETI: Ngari amewasha jenereta tena. Anasema giza linakuja na yeye anarudi Kiritiri. Anauliza, akate ama asikate? Anataka neno la mwenye mchoro. Sema.

GICHOVI: Wambeti, mheshimiwa—

WAMBETI: Najua mheshimiwa. Sema, nimpelekee.

GICHOVI: Si anaweza kukata nusu? Aongeze upana kidogo? Aache kama—

WAMBETI: [Kwa mbali.] Ngari! Anauliza unaweza kukata nusu? [Sauti ya Ngari kwa mbali.] Anasema krashi ikipanuka mbuzi anageuka, na mbuzi akigeuka si krashi tena. Anasema ni yote ama hakuna.

GICHOVI: Mungu wangu. Na ukuta? Tungevunja ukuta kando tutoe mlango mwingine—

WAMBETI: Leo jioni? Na kesho mheshimiwa apite kwa shimo kama mwizi? Wewe umesoma lakini ukishikwa na woga unaongea kama mtu amelewa busaa.

GICHOVI: Nipe basi mtoto nimwambie mwenyewe. Atanielewa. Nitamwambia nitamjengea lingine, kubwa, nzuri—

WAMBETI: Unataka kuongea naye?

GICHOVI: Nipe.

WAMBETI: Ngoja nivuke barabara. [Hatua. Kelele za watoto zinaongezeka. Wengine wanalia kama mbuzi.] Kagure! Kuja simu. Hapana, usiachilie mti, nakushikia sikioni. Ongea.

KAGURE: Haloo? Ni nani?

GICHOVI: Ni... ni mimi. Ni baba.

KAGURE: Baba wa kuchora?

GICHOVI: Eeh. Baba wa kuchora.

KAGURE: Umefika?

GICHOVI: Bado, mum. Niko Timau. Sikiza, Kagure, hilo lango—

KAGURE: Ngari anataka kulikata. Nimemwambia angoje wewe. Amesema wewe ndiye umesema. Nimemwambia ni uongo.

GICHOVI: [Kimya.]

KAGURE: Baba? Si ni uongo?

GICHOVI: Kagure, kesho kuna mtu mkubwa anakuja. Mkubwa sana. Hapo ni pembamba, hawezi kupita.

KAGURE: Anaweza. Avute tumbo.

GICHOVI: Ni tumbo kubwa, mum.

KAGURE: Mwalimu Teresia alipita, na ako na mtoto ndani. Alivuta. Tulimsukuma kidogo nyuma. Mwambie apige laini, asisukume wenzake, nitamchanja polepole.

GICHOVI: [Anacheka.] Utamchanja mheshimiwa?

KAGURE: Kila mtu anachanjwa. Hata Bundi. Na wewe utapita?

GICHOVI: Mimi?

KAGURE: Wewe ni mnene?

GICHOVI: Si... si sana. Hujui mimi ni mnene ama si mnene?

KAGURE: Nimesahau. Kuja nikupime.

[Upepo. Jenereta.]

GICHOVI: Kagure.

KAGURE: Eeh?

GICHOVI: Mwambie Ngari azime hiyo mashine. Mwambie baba amesema lango libaki.

KAGURE: Baba wa kuchora amesema?

GICHOVI: Huyo huyo.

KAGURE: [Akipiga kelele.] Ngari! Zima! Baba amesema libaki! Nilikuambia ni uongo! Mbuzi, rudini laini!

[Jenereta inanyamaza. Vifijo.]

WAMBETI: Haloo? Umemwambia nini huyu mtoto? Ngari anafunga grainda kwa gunia, na hajakasirika, anacheka.

GICHOVI: Libaki, dada.

WAMBETI: Na mheshimiwa?

GICHOVI: Si ulimpima wewe? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Avute tumbo.

WAMBETI: Na viwanja vyako vitatu?

GICHOVI: Sijui. Sijui, Wambeti. Nikiharibikiwa utanifundisha kushona.

WAMBETI: Huwezi. Hujui kupima. Lakini leo... leo umesema kitu cha mtu mzima. Sasa niambie. Utakuja?

GICHOVI: Nakuja.

WAMBETI: Na gari la mheshimiwa, saa nane, na miwani ya jua?

GICHOVI: Peke yangu. Mapema. Kabla watu wa hema waamke. Nataka nione watoto wakicheza kabla ya picha, hata nihamishe hizo viti ziangalie ndani.

WAMBETI: Pasaka ulisema hivyo hivyo.

GICHOVI: Najua.

WAMBETI: Ulisema Ijumaa Kuu, akavaa ile nguo ya njano nilimshonea. Alilala nayo.

GICHOVI: Najua, dada. Kesho naja. Kuna lori la maziwa linateremka saa tisa ya usiku, nitalipanda hadi Meru, na kutoka hapo—

[Mlio wa onyo la kredo.]

WAMBETI: Saa ngapi? Nipe saa. Sitaki kumwambia mtoto asubuhi, asubuhi ni ndefu.

GICHOVI: Saa mbili. Mwambie saa m—

[Simu inakatika.]

WAMBETI: Haloo? Gichovi? Haloo?

KAGURE: Amesema anakuja?

WAMBETI: Kredo imeisha.

KAGURE: Lakini alisema?

WAMBETI: Alisema.

KAGURE: Basi nimwekee nafasi kwa laini, ama nisimwekee?

WAMBETI: Mwekee. Lakini ya mwisho kabisa, nyuma ya mheshimiwa.